Ndege Ipo, Rubani Yuko Wapi?

Imezoeleka miongoni mwetu kuamini kwamba safari ya ndege inapofutwa, basi ama ndege imeharibika ama hali ya anga imechafuka. Abiria akiambiwa na karani wa kaunta kwamba hatasafiri leo, jambo la kwanza analofanya ni kutazama nje. Akiona jua linawaka na ndege zimepangwa uwanjani kama mitumbwi ufuoni, hasira humpanda, akajiambia kwamba anadanganywa. Kumbe huenda hadanganywi hata chembe. Ndege ipo, mafuta yapo na anga ni shwari. Kisichojulikana ni rubani yuko wapi, alilala kwa muda gani, na sheria itamruhusu kuruka tena saa ngapi.

Ndugu msomaji, nimeamua kulizungumza suala hili na walimu na wanafunzi hasa, kwa kuwa limejaa hesabu, na hesabu zenyewe si za kutisha. Mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye amewahi kuchora mistari kwenye karatasi ya grafu, akitafuta ni malori mangapi makubwa na mangapi madogo yatakayobeba mchanga kwa gharama ya chini kabisa, tayari ameuonja mchezo ambao mashirika ya ndege huucheza kila siku. Tofauti ni kwamba wao wana mistari maelfu kwa maelfu. Isitoshe, kila ndege zinapokwama magazeti hujaa picha za abiria waliolala sakafuni, lakini ni nadra kuelezwa kwa nini shirika moja huinuka siku ya pili ilhali jingine hugaagaa wiki nzima, hali dhoruba iliyoyapiga ni ile ile moja.

Tuchukue kisa cha Southwest, shirika la Marekani lenye makao yake makuu mjini Dallas, jimbo la Texas. Kwa miongo mingi shirika hili lilisifika kwa nauli nafuu na kwa kutumia aina moja tu ya ndege, yaani Boeing 737. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 lilikuwa na ndege zaidi ya 700 za aina hiyo. Wataalamu wa biashara walilitaja kama kielelezo cha usimamizi bora, na vitabu viliandikwa kulihusu.

Tarehe 21 Desemba mwaka huo, dhoruba kali ya theluji ilianza kuipiga Marekani, siku chache tu kabla ya Krismasi. Huko Denver, ambako Southwest lina kituo kikubwa, kipimo cha joto kiliporomoka kwa saa chache hadi kupita nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sufuri. Chicago nayo iliganda. Wafanyakazi wa uwanjani wanaopakia mizigo na kunyunyizia mabawa dawa ya kuyeyusha barafu hawakuweza kukaa nje ila kwa dakika chache. Katika eneo la Buffalo, jimbo la New York, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Haikuwa dhoruba ya mzaha, na hakuna shirika lolote lililosalimika. Yote yalifuta safari.

Lakini Krismasi ilipopita, mengine yakaanza kunyanyuka. Southwest likazidi kudidimia. Jumatatu tarehe 26, anga ikiwa imetulia karibu kila mahali, lilifuta zaidi ya theluthi mbili ya safari zake. Kufikia mwisho wa mkasa huo, safari zipatazo 16,900 zilikuwa zimefutwa na abiria zaidi ya milioni mbili wameathirika. Masanduku yalirundikana katika kumbi za viwanja kama magunia ya mahindi kwenye ghala. Swali ni moja: dhoruba ilikwisha, kwa nini maafa hayakukwisha?

Wengi walilaumu umbo la mtandao wa safari za shirika hilo, na hoja yao ina uzito. Mashirika mengi makubwa huwa na vitovu. Ndege hutoka kwenye kitovu, ikaenda mji fulani, ikarudi. Southwest, kinyume chake, huruka kutoka mji hadi mji. Ndege moja yaweza kuamkia Baltimore, ikapitia Chicago, ikaenda Denver, kisha Phoenix, na ikalala Oakland. Ni kama matatu inayoondoka Kisumu kwenda Nakuru, kisha Nyeri, kisha Meru, kisha Embu, bila kurudi ilikotoka. Mambo yakienda vizuri, mpango huu huokoa muda mwingi kwa kuwa ndege haikai ikisubiri. Mambo yakiharibika, kufunga Denver pekee huwanyima usafiri hata watu wa Oakland ambao hawajaona tone la theluji.

Juu ya hayo, marubani na wahudumu hawafungamani na ndege moja. Hapa ndipo abiria wengi tunapokosea. Tunadhani kwamba kila ndege ina rubani wake, kama kila basi lilivyo na dereva wake. La hasha. Rubani huweza kuiacha ndege Chicago na kupanda nyingine, wahudumu nao wakaendelea na ya tatu. Siku ya ndege ni mstari mmoja, siku ya rubani ni mstari wa pili, siku ya wahudumu ni wa tatu, na abiria wanaobadilisha ndege ni wa nne. Safari moja ni pale mistari hiyo yote inapokutana mahali pamoja kwa saa ile ile. Mmoja ukikosekana, hakuna safari.

Tena mstari wa rubani umezungushiwa ua wa sheria. Nchini Marekani, ndege ya abiria yenye marubani wawili haiwezi kurushwa nao kwa zaidi ya saa 8 au 9 kwa siku, kutegemea saa waliyoanza kazi, na ni lazima rubani apewe saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, zikiwemo saa 8 za kuweza kulala bila kusumbuliwa. Saa ya zamu huanza kuhesabiwa anaporipoti kazini. Haingoji ndege iruke. Kwa hiyo rubani aliyeketi ndani ya ndege kwa saa nne akisubiri barafu iyeyushwe huenda akaishiwa na saa zake akiwa pale pale ardhini, na abiria wote wakiwa wamefunga mikanda. Sheria hii ina historia yake, nami nitaifikia.

Basi ilikuwaje Southwest? Shirika hilo lilikuwa na programu ya kompyuta iitwayo SkySolver, iliyotoka kwa kampuni ya General Electric, ambayo kazi yake ilikuwa kupanga upya marubani na wahudumu safari zinapovurugika. Programu hiyo haikuzimika. Iliendelea kufanya kazi ile ile iliyoundiwa, yaani kutatua matatizo ya saa zijazo. Lakini kila ilipomaliza kukokotoa jawabu, safari nyingine nyingi zilikuwa zimeshafutwa, na jawabu likawa la swali lililopitwa na wakati. Ikawa kazi sasa ni ya mikono. Waratibu walilazimika kumtafuta kila rubani na kila mhudumu, mmoja baada ya mwingine, na njia kuu waliyokuwa nayo wafanyakazi hao ya kuliarifu shirika kwamba wako mahali fulani ilikuwa kupiga simu. Simu zikazidi uwezo. Watu walishikilia mkonga kwa saa nyingi wakisikiliza muziki. Rubani yuko uwanjani, amevaa sare, yuko tayari kuruka, ndege iko mbele yake, abiria wamekaa, naye hawezi kuruka kwa sababu mwajiri wake hajui kwamba yupo.

Mwalimu yeyote aliyewahi kushika ratiba ya shule ataelewa haraka. Walimu watatu wakiugua, mwenye ratiba huingia katika majilisi, akawatazama waliopo kwa macho yake, akasogeza vipindi, na kabla ya kengele ya pili masomo yanaendelea. Sasa fikiria hakuna aliyeugua. Walimu wako wote ni wazima, lakini wa Hisabati amejikuta katika shule ya jirani, wa Kemia yuko njiani kutoka Isiolo, wa Kiswahili alikesha na haruhusiwi kuingia darasani hadi saa nane mchana, na wote arubaini wanakupigia wewe simu moja kwa wakati mmoja. Kila mara unapokaribia kumaliza kuchora ratiba mpya, wawili zaidi wanahama. Hapo tatizo lako halitatuliwi kwa kuongeza walimu. Wanaohitajika unao tayari. Unachokosa ni habari zao.

Mbele ya kamati ya Baraza la Seneti mnamo Februari 2023, mkuu wa shughuli za shirika hilo, Andrew Watterson, aliomba radhi na kukiri kwamba halikuwa limejiandaa vya kutosha kwa baridi ya kiasi kile. Casey Murray, aliyekuwa kiongozi wa chama cha marubani, aliwaambia maseneta kwamba chama chake kilikuwa kimeonya kwa miaka mingi kuhusu mitambo hiyo ya kuwapanga wafanyakazi. Sishangai. Katika taasisi nyingi, fedha hutolewa upesi kwa vitu vinavyoonekana. Ndege mpya huzinduliwa kwa hotuba na picha. Daftari la kujua mtu yuko wapi halina sherehe wala utepe wa kukatwa, na kila mwaka husogezwa mwaka ujao.

Sasa tuje kwenye tiba, ambayo kwangu ndiyo sehemu ya ajabu kuliko zote. Shirika lilipotambua kwamba limepoteza hesabu ya watu wake, liliamua kufuta zaidi. Kuanzia tarehe 27 hadi 29 Desemba lilirusha takriban theluthi moja tu ya ratiba yake ya kawaida, kwa makusudi. Wafanyakazi na ndege zilizobaki zilitumiwa kurudisha kila kitu mahali pake. Ijumaa tarehe 30 ratiba ya kawaida ikarejea, na safari zilizofutwa zikawa chache mno.

Kwa abiria aliyekwama, uamuzi huo ulikuwa kama tusi. Yeye anangoja siku nne, nawe unamwambia utapunguza safari! Lakini ukiutafakari utaona mantiki yake. Kila safari inayorushwa katikati ya vurugu huchukua rubani mmoja anayejulikana alipo na kumpeleka mahali ambapo kesho hatakuwa na ndege ya kuirusha. Vurugu hujizalisha. Njia ya kuikomesha ni kusimamisha mambo kwa kiwango cha kutosha, uwahesabu watu, kisha uanze upya. Lawama yangu kwa wakuu wa Southwest haiko katika kufuta theluthi mbili ya safari. Iko katika kuchelewa kufanya hivyo. Kati ya tarehe 22 na 26 abiria waliambiwa wangoje saa moja, kisha saa mbili, kisha waje kesho. Mama mwenye mtoto mchanga akiambiwa mapema kwamba hakuna safari hadi Ijumaa, ataenda zake kwa jamaa, atapanda basi, au ataahirisha ziara. Akiambiwa kila saa kwamba bado kidogo, atalala kwenye sakafu.

Mashirika yenye uzoefu hufuta mapema. Kimbunga kikitabiriwa pwani, huziondoa ndege zake katika njia ya upepo siku moja kabla, huwaruhusu abiria kubadilisha tarehe bila malipo, na hufuta safari kwa jozi, ya kwenda pamoja na ya kurudi, ili ndege na rubani wasijikute ugenini. Kisha huchagua, na uchaguzi wenyewe si wa kupendeza. Njia yenye safari kadhaa kwa siku hupunguziwa kwanza, kwa kuwa abiria wake watapata nyingine baada ya saa chache. Safari ndefu ya mara moja kwa siku huhifadhiwa. Ndege yenye abiria wengi wanaounganisha safari hupewa kipaumbele kuliko ile ambayo wote wanashuka na kwenda nyumbani. Anayefutiwa safari huona amedharauliwa. Kwa kweli amepimwa kwenye mizani pamoja na maelfu wengine.

Tufanye hesabu kidogo, na mwalimu wa Hisabati anaweza kuibeba darasani. Chukua ndege yenye viti 160. Siku ya kawaida, tuseme imejaa kwa asilimia 80, yaani ina abiria 128 na viti 32 vitupu. Safari moja ikifutwa, abiria wake 128 watapata nafasi katika safari nne zinazofuata, zikiwa zimejaa kwa kiwango hicho hicho. Hilo si tatizo kubwa. Sasa njoo msimu wa Krismasi, ndege imejaa kwa asilimia 95. Abiria ni 152, viti vitupu ni 8. Safari moja ikifutwa, zitahitajika safari 19 kuwaondoa wote. Kama njia hiyo ina safari nne kwa siku, mtu wa mwisho ataondoka siku ya tano. Na hapo tumefuta safari moja tu. Ndiyo maana kufutwa kwa safari siku ya sikukuu ni jambo tofauti kabisa na kufutwa kwake mwezi Februari, hata kama sababu ni ile ile. Na ndiyo maana pia shirika makini husitisha kuuza tikiti mpya mpaka waliokwama waondoke. Lisipofanya hivyo, vile viti vinane vitanunuliwa na watu ambao hata hawakukwama.

Kuna walioondoka na kisa cha Southwest wakiamini kwamba kosa lote ni mtandao usio na vitovu. Hao walipata jibu mnamo Ijumaa tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilisambaza marekebisho yenye hitilafu, na mamilioni ya kompyuta duniani yakazimika kwa pamoja. Mashirika kadhaa ya ndege yaliathirika. American lilijinyanyua haraka, na United likafuata. Delta, shirika kubwa lenye vitovu, Atlanta kikiwa kikuu, lilichukua siku tano na kufuta safari zipatazo 7,000. Kilichokuwa kimekwama ni nini? Ni chombo cha kufuatilia marubani na wahudumu. Kompyuta ziliwashwa tena, lakini chombo hicho kilikuwa kimerundikiwa mabadiliko mengi kiasi cha kushindwa kuyafikia. Mkurugenzi wake mkuu, Ed Bastian, alisema hasara ilifikia dola milioni 500. Sababu ilikuwa tofauti na mtandao ulikuwa tofauti, lakini ugonjwa ulikuwa mmoja.

Hapa kwetu tuna mfano unaosaidia kulinganisha. Jumamosi tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na maelfu ya abiria wakakwama Nairobi na kwingineko. Mahakama iliamuru warudi kazini kufikia saa 12 asubuhi ya Jumatano tarehe 9. Nakumbuka watu wengi wakitarajia kwamba saa 12 na dakika tano kila kitu kitakuwa sawa. Haiwezekani. Ndege iliyopaswa kuwa London haikuwa London. Hata hivyo, shirika hilo lilikuwa na bahati moja ambayo Southwest halikuwa nayo: marubani wake wana kituo kimoja, Nairobi, na walipokubali kurudi walikuwa wanajulikana waliko. Mgomo ni uamuzi wa watu. Ukimalizika, watu hurudi pamoja. Dhoruba haina wa kutia sahihi.

Nao mlima wa volkano hauna mahakama. Mnamo tarehe 14 Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilitoa wingu la majivu, na kwa karibu wiki nzima anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa hofu kwamba majivu hayo yangeyeyuka ndani ya injini na kuzizima. Takriban safari 100,000 zilifutwa, na abiria wapatao milioni 10 wakaathirika. Sisi tulilijua jambo hilo kwa njia ya maua. Waridi za Naivasha na mboga za wakulima wetu, zinazotegemea ndege za kila siku kwenda Ulaya, zilioza na kutupwa, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Baadhi ya mizigo ilipelekwa Uhispania, ambako viwanja vilikuwa wazi, kisha ikapakiwa kwenye malori kuelekea kaskazini. Mtu asidhani kwamba safari zikifutwa Ulaya ni shauri la watalii peke yao.

Majivu hayo yalizaa pia hukumu ambayo kila mwenye kusafiri kutoka Ulaya kuja Nairobi yafaa aijue. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka wa 2004, hulitaka shirika limpe abiria aliyekwama chakula, malazi na mawasiliano, na wakati mwingine fidia ya kati ya yuro 250 na 600. Mashirika yalidai kwamba volkano ni kudra, kwa hivyo hayadaiwi chochote. Mnamo Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilikata shauri: ni kweli fidia ya fedha haidaiwi kwa jambo lisiloepukika, lakini wajibu wa kumtunza abiria haukomi, hata kama mlima umelipuka. Ulinzi huo humhusu kila anayeondoka katika uwanja wa Umoja wa Ulaya, awe amepanda ndege ya Mzungu au ya Mwafrika. Kwa safari nyingine za kimataifa tuna Mkataba wa Montreal wa mwaka wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama. Huo hulitoza shirika hasara iliyotokana na kucheleweshwa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua ipasayo. Neno hilo, kila hatua ipasayo, ndilo linalotufaa. Daftari la kujua marubani waliko ni hatua ipasayo, au ni anasa? Mimi nasema ni hatua ipasayo.

Serikali ya Marekani nayo ilielekea upande huo. Mnamo Desemba 2023 ilitangaza adhabu ya dola milioni 140 dhidi ya Southwest, kubwa kuliko zote zilizotangulia za aina hiyo. Sehemu kubwa ilikuwa vocha kwa abiria wa siku za usoni watakaocheleweshwa na shirika hilo, na dola milioni 35 zilikuwa za kulipwa serikalini kwa awamu. Miaka miwili baadaye, mnamo Desemba 2025, serikali iliyofuata ililisamehe dola milioni 11 zilizosalia kwa hoja kwamba shirika lilikuwa limewekeza katika kituo chake cha uendeshaji. Wapo waliolia kwamba huo ni upendeleo. Ningependa kukubaliana nao, ila nikikumbuka kwamba mkasa wenyewe ulilitia shirika hilo hasara ya zaidi ya dola bilioni moja, naona milioni 11 hazikuwa ndizo zilizomfundisha mtu adabu.

Kinachonikosesha usingizi ni kisa cha India. Mwanzoni mwa Desemba 2025 shirika la IndiGo, ambalo hubeba zaidi ya nusu ya abiria wote wa ndani ya nchi hiyo, lilianza kufuta safari kwa mamia. Ijumaa tarehe 5 zilifutwa zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Hakukuwa na theluji wala majivu. Kanuni mpya za mapumziko ya marubani zilikuwa zimeanza kutumika kikamilifu, zikiongeza saa za kupumzika kila wiki na kupunguza idadi ya kutua usiku. Kanuni hizo zilijulikana mapema, na shirika halikuwa limepanga marubani wa kutosha kuzitimiza. Viwanja vilijaa, nauli za mashirika mengine zikapaa, wananchi wakapiga kelele. Siku hiyo hiyo mamlaka ya usafiri wa anga ikalegeza kanuni. IndiGo likasamehewa masharti ya kazi za usiku hadi tarehe 10 Februari 2026.

Naelewa kwa nini. Waziri yeyote akiona maelfu ya wapiga kura wamelala kwenye masanduku yao, atatafuta kitasa kilicho karibu akifungue. Lakini hebu tuangalie kilichotolewa ili ratiba iinuke. Southwest lilirudisha ratiba yake kwa kufuta safari na kupoteza fedha. Huku India ratiba ilirudishwa, kwa sehemu, kwa kukopa usingizi wa marubani. Chama chao kililalamika, na kwangu mimi kilikuwa na haki. Abiria aliyekosa harusi Delhi ana uchungu wa kweli, siudharau. Lakini deni lake lilipaswa kulipwa na shirika lililozijua kanuni hizo mapema na likazembea.

Nilisema sheria ya Marekani ina historia. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege ndogo ya shirika la Colgan Air, ikitoka Newark kuelekea Buffalo, ilianguka juu ya nyumba ikikaribia kutua. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba hiyo. Wachunguzi walisema chanzo kikuu kilikuwa jinsi nahodha alivyoishika ndege ilipoanza kupoteza kasi. Waligundua pia kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili aje kazini, na kwamba nahodha alikuwa amepitisha usiku katika chumba cha kupumzikia wafanyakazi pale Newark. Wakaandika kwamba yamkini uchovu uliathiri utendaji wao. Jamaa za marehemu walihudhuria vikao vya Bunge mjini Washington kimoja baada ya kingine, mpaka sheria ikapitishwa mwaka wa 2010 na kanuni za mapumziko zikaanza kutumika Januari 2014. Zile saa 10 ambazo karani wa kaunta hazitaji anapokwambia kwamba safari yako imefutwa, ilhali jua linawaka na ndege unaiona kwa macho yako, ndizo hizo walizozipigania.